Kumzoesha Farasi Lijamu Bila Kugombana Naye

Farasi wengi wanaokataa lijamu, kile chuma cha mdomoni, hawakuanza kulikataa siku lilipoingia. Walianza siku lilipotolewa vibaya. Mtu ana haraka, anafungua mikanda, anavuta hatamu yote, ile mikanda ya kichwa inayoshika lijamu, kwa mkupuo kupitia masikio, na chuma kinagonga meno ya mbele wakati farasi bado hajafungua taya. Farasi anashtuka na kurusha kichwa juu, chuma kinanasa nyuma ya meno, naye anazidi kurudi nyuma. Kesho yake akiiona tu hatamu mlangoni, kichwa kiko darini.

Nawaandikia hasa vijana wanaoanza kazi ya usaisi, yaani kutunza farasi, huku kwetu Kenya: Karen, Limuru, Naivasha na Nanyuki, pamoja na watu walionunua farasi aliyemaliza mbio. Uwanja wa Ngong umekuwa ukiendesha mbio tangu 1954, na farasi akishaonekana hana kasi tena huuzwa kwa ajili ya polo, kuruka viunzi, masomo ya watoto au safari za kutazama wanyama. Ni farasi wazuri mno. Lakini wengi walivalishwa hatamu wakiwa na umri wa miaka miwili, alfajiri, na mtu mwenye farasi wengine kadhaa wa kutandika kabla jua halijapanda. Baadhi yao walizoea hata kufungwa ulimi kwa utepe ili wasiuvute nyuma wakikimbia. Farasi kama huyo si mkaidi. Ana kumbukumbu, na kumbukumbu ile iko mdomoni.

Kwa hiyo kabla ya kumfundisha chochote, tafuta maumivu.

Anza na mdomo. Farasi mzima ana meno ya mbele 12, sita juu na sita chini, na magego 24 nyuma. Katikati yake kuna pengo lisilo na jino, na hapo ndipo lijamu linapokaa, juu ya ulimi na juu ya ufizi wa pengo hilo. Pitisha kidole pole pole kwenye ufizi wa taya la chini utaona: ngozi ni nyembamba, na chini yake kuna mfupa wenye ukingo mkali. Huo ndio unaobeba uzito wa mkono wako. Madume huwa na chonge katika pengo hilo, karibu zaidi na meno ya mbele. Majike wengi hawana, au huwa nazo ndogo sana. Tena wapo farasi wenye kijino kidogo mbele kabisa ya gego la kwanza la juu. Kijino hicho hakina kazi yoyote, lakini chuma kikisukuma nyama ya shavu dhidi yake, farasi hurusha kichwa kila unapogusa vigwe, zile kamba za kumwongozea. Daktari wa mifugo anaweza kuking'oa, na mara nyingi ugomvi wote huishia hapo.

Angalia umri pia. Meno ya mbele ya utotoni hubadilika kwa awamu: takriban miaka miwili na nusu, mitatu na nusu, na minne na nusu, na magego ya mbele nayo hubadilika ndani ya kipindi hichohicho. Ukiwa na farasi wa miaka mitatu aliyekuwa akipokea lijamu vizuri, halafu mwezi huu anakataa, usimwadhibu. Fungua mdomo utazame. Huenda jino la utotoni limelegea, au ufizi umevimba. Mpumzishe lijamu wiki mbili tatu, mfanyie kazi nyingine.

Magego nayo hujinoa yenyewe kwa kusaga nyasi. Ukingo wa nje wa magego ya juu huwa mkali na kukata mashavu. Wa ndani wa magego ya chini hukata ulimi. Mwite daktari apige tupa angalau mara moja kwa mwaka. Dalili utaziona mwenyewe kama unamlisha kwa mkono wako: anadondosha vifundo vya hei vilivyotafunwa nusu, anakula kichwa kikiwa upande, mdomo unatoa harufu mbaya. Kazi ya kuingiza mkono mpaka kwenye magego mwachie daktari mwenye kifaa cha kushikilia taya. Wewe inua pembe ya mdomo, mulika kwa tochi, tazama kama kuna kidonda au kovu kwenye pembe, kwenye ufizi wa pengo na pembeni mwa ulimi.

Halafu masikio. Hapa kwetu jambo hili ni kubwa kuliko wageni wanavyodhani. Yuko kupe mwenye miguu myekundu ambaye akiwa mchanga hujificha ndani kabisa ya sikio la farasi na punda, na akishakomaa huhamia chini ya mkia. Farasi mwenye kupe masikioni hatakubali mkanda upite hapo, na mtu atasema anakataa lijamu kumbe lijamu halijafika hata karibu na mdomo. Mulika sikio. Ukiona utando mweusi, uvimbe au kupe waliojikusanya, mwite daktari akupe dawa ya kutia humo. Na nakuomba kwa moyo wangu wote: usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi ukampaka farasi. Inaweza kusimamisha utumbo wake, akapata msokoto wa tumbo, akafa. Dawa hiyo iko kwenye kila agroveti, duka la dawa za mifugo, na mtu asiyejua huiona ni dawa ya kupe tu.

Lijamu lenyewe halihitaji maneno mengi. Kwa farasi mwenye woga chagua la vyuma viwili vilivyounganishwa katikati au vitatu vyenye kipande kidogo katikati, lenye pete za kawaida pembeni, lisilo na fimbo za kuongeza nguvu. Pima upana wa mdomo kwa uzi: upitishe kwenye pengo, weka alama pale midomo inapoishia pande zote mbili, kisha ongeza nusu sentimita kila upande. Farasi wengi wa damu ya mbio huangukia inchi 5 hadi 5 na nusu. Watu hupenda kusema chuma kinene ndicho cha upole. Si kila mara. Farasi mwenye ulimi mnene na kaakaa lililoshuka hana nafasi ya chuma kinene, anabaki mdomo wazi akihangaika. Ukinunua lijamu lililotumika, pitisha kidole kwenye kila kiungo na kwenye tundu la kila pete. Kama kinakukwaruza wewe, kitamkata yeye mdomo.

Sasa vua kutoka kwenye hatamu kila kisichohitajika: mkanda wa pua, vigwe, na mkanda wa paji la uso. Ibaki mikanda ya mashavu na ule wa nyuma ya masikio. Kwa farasi anayekataa kabisa, fanya hivi: ondoa lijamu upande wa kushoto kwa kufungua bizimu, mvalishe ule mkanda wa kichwa bila chuma chochote mdomoni, na chuma kining'inie upande wa kulia huku umekishika. Hivyo masikio yanashughulikiwa peke yake na mdomo peke yake. Wengi hushindwa kwa sababu wanayadai yote mawili kwa pumzi moja.

Chagua saa. Mimi napenda mchana, farasi wamekwisha kula na kufanya kazi, saisi mwingine hapigi ndoo uwanjani. Mfanyie ndani ya banda lake, akiwa na kamba ya kichwa, nawe umeishika kamba bila kumfunga ukutani. Farasi aliyefungwa akishtuka huvuta, akivuta huogopa zaidi, na mwishowe hukata kamba au kuumia kisogo. Simama bega la kushoto, utazame anakotazama yeye. Usisimame mbele yake, na usiinamishe uso wako juu ya pua yake. Kichwa cha farasi kikipanda ghafla huvunja taya la mtu.

Somo la kwanza halina chuma. Ni kichwa kushuka. Weka kiganja kisogoni, nyuma tu ya masikio, kwa uzito wa mkono wenyewe. Usisukume. Ngoja. Akishusha kichwa hata upana wa kidole, ondoa mkono papo hapo, mpe sekunde kadhaa za utulivu, kisha rudia. Akinyanyua, mkono upande naye, usimwachie wala usimvute. Mkono ukitoka kichwa kikiwa juu atajifunza kwamba kunyanyua ndilo jibu. Faida yake farasi anaipata pale mkono unapotoka, kwa hiyo mkono unaochelewa kutoka haufundishi kitu. Lenga pua ifike usawa wa mshipi wako na ikae hapo kwa raha. Robo saa inatosha, ikizidi mnachoshana.

Pua ikishakaa chini, nenda mdomoni kwa kidole gumba. Huu ndio mlango wa kazi yote na usiuruke. Paka gumba la kushoto molasi. Molasi ya mifugo inapatikana agroveti yoyote kwa jerikeni. Huku kwenye baridi huganda kama haijachanganywa na maji ya moto kidogo. Ingiza gumba kwenye pembe ya mdomo, pale kwenye pengo, si mbele wala nyuma, kwa maana magego ya farasi husaga kidole bila yeye kukusudia. Gusa ulimi taratibu. Atafungua, atalamba, atatafuna hewa. Anapofungua, toa gumba. Usingoje afunge.

Utajua unakwenda vizuri kwa kutazama vitu vidogo. Mdomo wa chini unalegea. Kope zinashuka nusu. Pumzi ndefu inatoka puani, wakati mwingine na mtikisiko wa mbavu. Kama jicho linaonyesha weupe na kidevu kimekaza kama jiwe, rudi hatua moja nyuma, ukamalize na jambo analoliweza.

Kabla ya chuma, mimi hupitisha kitu laini: kamba nene ya pamba iliyooshwa vizuri, au mkanda wa ngozi usio na bizimu. Inaingia kwenye pengo, nashika ncha zote mbili kwa mikono, namwacha aitafune. Akitaka kuitema inateleza na kutoka yenyewe. Usiifunge kamwe.

Nikueleze habari za Tufani, maana anaonyesha jinsi unavyopaswa kutazama kabla ya kushika. Ni farasi aliyehasiwa, kahawia iliyokoza, mrefu, aliyetoka kwenye mbio. Ulikuwa unaweza kumgusa masikio, midomo, hata ulimi, akatulia. Kwenye pembe ya kulia ya mdomo alikuwa na kovu jeupe, la zamani, lililopona kabisa. Meno yalikuwa yamepigwa tupa. Hata hivyo ukifika na hatamu alikuwa anarudi nyuma mpaka matako yagote ukuta, anatetemeka. Nilisimama nje ya banda nikamtazama jinsi saisi mwenzangu alivyokuwa akimkaribia, nikaona kwamba sikio linageuka na shingo kukaza kabla hata mtu hajafungua mlango. Hakuwa ameiona hatamu. Alikuwa amesikia pete zikigongana.

Basi mlio ndio uliopata kazi. Nilianza kuibeba hatamu begani nikimpelekea maji, nikimpiga brashi, nikimsafisha kwato. Niliitundika kando ya wavu wake wa hei, ili akivuta nyasi pete ziimbe na yeye anaendelea kula. Hakuna aliyejaribu kumvalisha siku zile. Alipofika mahali pa kusikia mlio akageuza kichwa kutafuta karoti, chuma chenyewe kiliingia bila mabishano. Kama tungemshika pua kwa kitanzi cha kamba na kumminya, jinsi wengine wanavyofanya, lijamu lingeingia siku hiyohiyo na tungempoteza kwa muda mrefu. Kushika pua kwa kitanzi na kusokota sikio ni vitu ambavyo sivikubali katika kazi hii hata kidogo.

Sasa lijamu. Kwanza lipashe joto. Limuru mwezi wa saba asubuhi chuma ni barafu. Litie kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu au lishike kwapani unapopiga brashi. Lipake molasi. Mwonyeshe kwenye kiganja kilichofunguka, anuse, alambe, alivute kwa midomo. Mkono wa kulia unashika mikanda ya mashavu katikati ya uso wake, juu ya pua. Wa kushoto unabeba chuma kwenye vidole, gumba likiwa tayari kwenye pembe ya mdomo. Chuma kifike mbele ya meno na kisimame. Usikigonge wala kukisukuma. Gumba liguse ulimi, meno yafunguke, ndipo mkono wa kulia uinuke na chuma kiingie chenyewe kwa kufuata nafasi aliyoitoa.

Kikishaingia, usifunge mkanda. Kishikilie tu kwa mkono, hesabu pole pole mpaka tano, kisha anza kazi ya kukitoa.

Kukitoa ni somo kubwa kuliko kukiingiza. Usivute. Shusha mkono wa kulia kidogo tu, chuma kilegee juu ya ulimi. Weka gumba pembeni. Ngoja afungue mwenyewe. Ulimi wake utakisukuma nje, nawe mkono wako unakifuata kushuka, ukikilinda kisiguse meno ya chini wala chonge. Kama amefunga taya, ngoja dakika nzima ikibidi, hata kama mwenye farasi anaita kutoka getini. Halafu kiingize tena, ukitoe tena. Ukirudia hivi mara chache, utaona anaanza kufungua kabla gumba halijafika, kwa sababu sasa anajua jinsi ya kuondokana nacho bila kuumia. Mnyama anayejua njia ya kutoka haogopi kuingia.

Hapo ndipo ufunge bizimu. Urefu wa mikanda uwe unaacha lijamu liguse pembe za mdomo na kufanya kunjo moja, mbili kwa wengine. Likining'inia chini linagonga chonge na farasi hujifunza kupitisha ulimi juu yake, tabia ngumu kuiondoa. Likibana juu, anatabasamu bila kutaka na mdomo unachubuka. Unapomvalisha kupitia masikio, legeza mikanda tundu moja au mawili kwanza, kisha ukaze baada ya kuvaa, na sikio likunjwe mbele kwa kiganja taratibu, moja baada ya jingine. Kutoa ni kinyume: legeza, pitisha masikio yote mawili kwa pamoja, shusha, ngoja.

Mwache nalo dakika 10 au 15 huku unampiga brashi. Mpe vipande vyembamba vya karoti avitafune nalo. Hei ndefu hujizungusha kwenye kiungo. Usimwache peke yake bandani na lijamu, pete hunasa kwenye komeo. Na usimfunge farasi kwa lijamu, popote, kwa sababu yoyote. Akivuta anaweza kuvunja taya.

Vigwe vinakuja baada ya hapo, ukiwa bado chini. Simama ubavuni, shika kigwe kimoja, funga vidole kana kwamba unakamua kipande cha ndimu, usivute mkono. Ngoja pua igeuke hata kidogo, fungua vidole. Upande mwingine vilevile. Kisha kusimama, kisha kurudi hatua moja. Akielewa haya akiwa hana mtu mgongoni, utakapopanda utakuta mdomo ulio tayari kusikiliza. Wanafunzi wapya wenye kujishikilia kwa vigwe wasimpande farasi huyu kwa miezi ya mwanzo. Wengine wafungieni mkanda shingoni mwa farasi ili wawe na cha kushika wakipoteza mizani.

Wako watakaoendelea kukataa baada ya upole wote huo. Mrudishe kwa daktari, apige picha ya taya; nimeona ufizi uliokaa kimya juu kumbe chini kuna kipande cha mfupa kilichokatika. Na kama kazi yake ni safari za nyikani au watoto, mpe hatamu ya pua isiyo na lijamu. Hatamu hiyo ikae juu ya mfupa wa pua, upana wa vidole vinne juu ya tundu la pua, kwa sababu chini ya hapo ni gegedu na inaumia haraka. Farasi anayefanya kazi yake kwa raha kwa hatamu ya pua hana deni la kulipa kwenye lijamu.

Kila ukimaliza, osha lijamu kwa maji matupu mate yakiwa bado mabichi. Yakikauka huwa gamba linalokwaruza kama msasa, na molasi iliyobaki kwenye viungo itakuletea sisimizi wanaong'ata ulimi wa farasi kesho asubuhi. Usilisugue kwa dawa ya kung'arishia chuma. Lifute, litundike juu, na kabla ya kulitumia tena pitisha kidole kwenye kila kiungo.